Tukisema "Rafu" Tunasema Nini?

Siku moja darasani mwenzetu alisimama kutoa muhtasari wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Mwenzetu huyu amezaliwa na kukulia Buyenzi, hapa Bujumbura, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Alipomaliza, mhadhiri alitaka maoni yetu. Sauti moja ikatoka nyuma: "Kiswahili chake rafu sana." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Tangu siku ile mwenzetu hakujitolea tena kusimama mbele. Akiulizwa jambo hujibu kwa sentensi moja, na mara nyingine kwa Kifaransa.

Insha hii inalihoji neno lililotuchekesha. Sina nia ya kudai kwamba maneno ya mkopo yafukuzwe katika Kiswahili. Tukianza kazi hiyo hatutabakiwa na kitabu, kalamu wala meza. Ninachouliza ni hiki: neno "rafu" linapotumika kama neno la uhakiki, linatuambia nini kuhusu kazi inayohakikiwa? Na je, kuna kitu linachotuficha?

Tuanze na neno lenyewe. "Rafu" limetoka katika kivumishi cha Kiingereza cha kila siku, "rough", chenye maana ya kitu kisicho laini, kilichokwaruza, ambacho bado hakijapigwa randa. Kiswahili kimelipokea kwa njia zaidi ya moja. Uwanjani, rafu ni mchezo mbaya: mchezaji anayempiga mwenzake kwanja amecheza rafu. Shuleni kuna karatasi ya rafu, ile ya kufanyia hesabu kabla ya kuzinakili mahali safi. Mitaani mtu rafu ni yule asiyejipanga, nywele hazijachanwa, shati halijapigwa pasi, chumba chake hakina mahali pa kukanyaga. Sisi vijana wa Bujumbura tumelizoea hasa katika maana hii ya tatu, kwa kuwa tunasikiliza matangazo ya mpira, nyimbo na filamu kutoka Tanzania, na kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu waliowahi kuishi huko kama wakimbizi.

Kisarufi neno hili limeingia kwa urahisi mkubwa. Kivumishi cha asili ya Kibantu hulazimika kufuata ngeli: mtu mbaya, kitabu kibaya, maneno mabaya. "Rafu" limeketi pamoja na "safi", "rahisi", "hodari" na "ghali", vivumishi vya mkopo visivyobadilika. Tunasema mtu rafu, chumba rafu, maandishi rafu, Kiswahili rafu. Halidai chochote kwa nomino linayoifuata. Wepesi huo ndio unaonitia mashaka. Neno linalokaa vilevile mbele ya mtu, chumba, mchezo na insha linaweza kumfanya msemaji asiangalie tena ni kitu gani anachokisema. Ameona tu kwamba hakupendezwa, na neno liko tayari mdomoni.

Tulilinganishe na "ovyo", neno ambalo wazee wetu wangelitumia mahali pale. "Ovyo" kwa kawaida ni kielezi, nacho hutaka kitenzi. Ametupa taka ovyo. Ameandika ovyo. Anatumia fedha ovyo. Ukisema hivyo umetaja mtu, umetaja tendo, na umesema namna tendo lilivyofanywa. Msikilizaji ana haki ya kuuliza: ameandika ovyo kwa vipi? Nawe una pa kuanzia kumjibu. Ni kweli tunaweza pia kusema "kazi ya ovyo" au "mtu wa ovyo", na hapo neno linakuwa zito zaidi, karibu na tusi. Lakini hata katika uzito wake linabaki karibu na tendo. Mtu wa ovyo ni mtu ambaye matendo yake hayana mpango.

Kila lugha tunayoisoma hapa Burundi inalitazama kosa hili kutoka upande wake. Tangu miaka ya 2000, baada ya nchi yetu kuelekea na kisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mtoto wa shule amekuwa akikutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura ana maneno manne au matano ya kumlaumu mwenzake. Mwalimu wa Kifaransa huandika pembeni mwa karatasi "bâclé". Kitenzi chake zamani kilikuwa na maana ya kufunga mlango kwa komeo, na baadaye kikawa na maana ya kuimaliza kazi upesi upesi. Ndani ya neno hilo kuna mtu aliyefunga duka kabla ya saa. Mwalimu wa Kiingereza atasema "sloppy", neno lililotokana na tope na majimaji yaliyomwagika. Ndani yake kuna mtu aliyebeba ndoo bila kuitazama. Kirundi kina "akajagari", na hapo tunaona vitu vilivyochanganyika visivyojulikana mahali pake. "Rafu" linaonyesha uso wa ubao ambao haujapigwa randa.

Picha hizi zinatofautiana, na tofauti hiyo ina maana kwa mhakiki. Kazi iliyofungwa kabla ya kwisha haina kosa sawa na kazi iliyochanganyikiwa, na kazi iliyochanganyikiwa haina kosa sawa na kazi iliyokamilika lakini uso wake unakwaruza. Ya kwanza inahitaji kuendelezwa. Ya pili inahitaji kupangwa upya. Ya tatu inahitaji msasa tu. Tunapoyaita yote matatu "rafu", mwandishi anarudi nyumbani akijua kwamba amekosea bila kujua aanzie wapi kusahihisha.

Kiswahili cha Tanzania kina kitenzi kingine kwa jambo hili: kulipua kazi, yaani kuifanya haraka haraka ili mradi ionekane imefanyika. Ni neno zuri, kwa sababu linataja kosa mahususi, nalo ni haraka isiyojali matokeo. Hata hivyo si kila neno husafiri na kicheko chake. Kwa mtu aliyekua Bujumbura baada ya Oktoba 1993, katika miaka ya vita, kulipua ni jambo la guruneti. Nilipomsomea mama yangu sentensi "fundi amelipua kazi", aliinua macho kwanza, kisha ndipo akauliza nilimaanisha nini. Mfano huu mdogo unatukumbusha kwamba neno la lawama hubeba na historia ya mahali linapotamkwa. Lisilouma Dar es Salaam laweza kuuma hapa, na kinyume chake.

Sasa turudi kwa Kiswahili cha mwenzetu wa Buyenzi. Baada ya kicheko kutulia, mhadhiri alimgeukia yule aliyesema "rafu" akamtaka ataje mambo matatu yaliyomfanya aseme hivyo. Mwenzetu wa nyuma alisimama akakaa kimya. Mwishowe akataja mawili: "Anasema kurara badala ya kulala. Na anasema niko nasoma badala ya ninasoma."

Tuyachunguze. "Kurara" ni jambo la sauti. Katika Kirundi, pale Kiswahili kinapotumia l, mara nyingi husikika r: kulala na kurara, kulima na kurima. Mrundi anayesema "kurara" hajafanya uzembe wowote. Ulimi wake unafuata mpangilio uliokomaa wa lugha nyingine. Tena anaufuata kila mara, bila kuyumba. Ovyo hana utaratibu, huyu anao.

"Niko nasoma" vilevile ina kanuni yake. Inaonyesha tendo linaloendelea wakati huu huu, na utaisikia pia ng'ambo ya mpaka, huko Uvira na Bukavu, katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Anayesema hivyo anatofautisha "nasoma", kwa maana ya kwamba ndiyo kazi yangu au desturi yangu, na "niko nasoma", kwa maana ya kwamba kitabu kiko wazi mbele yangu sasa hivi. Katika karatasi ya mtihani wa Kiswahili sanifu umbo hilo litakatwa alama, na ni sawa likatwe, kwa kuwa mtihani unapima usanifu. Lakini mhakiki anayejua kazi yake ataandika: "Umbo hili ni la lahaja ya hapa, katika usanifu tumia ninasoma." Sentensi hiyo ina maneno zaidi kuliko "rafu", na ina faida zaidi.

Kuna sababu ya kihistoria ya kuwa na tahadhari. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya biashara kando ya Ziwa Tanganyika, na askari na makarani wao wakakitumia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua nchi. Kwa upande wa Waingereza, juhudi za kusanifisha Kiswahili zilianza katika miaka ya 1920, Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyohusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Urundi haikuwamo. Kwa hiyo wakati wenzetu walikuwa wakipangiwa tahajia, kamusi na vitabu vya shule, Kiswahili cha Usumbura kiliachwa sokoni, msikitini, bandarini na gereji. Kilikua chenyewe, kwa msaada wa Kirundi, wa jirani zake wa Kongo, na baadaye wa Kifaransa.

Ndiyo maana "rafu" ni neno la kupotosha hapa. Karatasi ya rafu husubiri nakala safi. Ukikiita Kiswahili cha Buyenzi rafu, umesema kwamba ni jaribio la kuandika Kiunguja lililoshindwa katikati. Lakini watu wa Buyenzi hawakuwa wakinakili kitu. Walikuwa wakiuza samaki, wakioana, wakisomesha watoto madrasa na wakitengeneza magari. Lugha yao ilifanya kazi hizo zote, na bado inazifanya.

Nikiwa nafikiria jambo hili nilipita kwenye gereji moja ya Buyenzi, mtaa unaojulikana mjini kote kwa mafundi wake. Fundi mmoja alikuwa akikagua gurudumu lililofungwa na kijana anayejifunza. Nilitega sikio nisikie neno gani la lawama atatumia. Hakutumia hata moja. Alisema: "Hii nati hukuikaza. Hii nyingine umeikaza mpaka imekula uzi. Na hapa hukufuta mchanga kabla ya kupaka girisi." Kijana alichukua spana akaanza tena. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeondoka. Huo ulikuwa uhakiki kamili: mahali pa kosa, aina ya kosa, na hatua iliyorukwa. Nikajiuliza kwa nini sisi tunaosomea lugha tunashindwa kusema kuhusu insha kile ambacho fundi yule anaweza kusema kuhusu gurudumu.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Atasema: basi unatetea kila kitu, na hakuna tena Kiswahili kibaya. Hapana. Uzembe upo, na mhakiki asiyeuona hana kazi. Mwanafunzi anayeandika "watu hawa" mstari wa kwanza na "watu hizi" mstari wa tatu ameyumba, maana hakuna kanuni yoyote, ya hapa wala ya Unguja, aliyoifuata. Anayetaja mhusika kwa jina moja ukurasa wa kwanza na jina jingine ukurasa wa nne hakusoma alichokiandika. Hayo ni makosa, nayo yakemewe. Ninachodai ni kwamba kabla ya kukemea tuulize kama jambo lililotuudhi limeachwa au limechaguliwa, na kama lina utaratibu tusioufahamu sisi.

Historia ya fasihi yetu ina funzo kubwa juu ya swali hilo. Kezilahabi huyo huyo alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yake mengi hayakuwa na vina wala mizani ya kimapokeo. Mjadala mkali ulizuka. Kwa wanajadi, utungo usio na urari wa vina na mizani haukustahili kuitwa shairi; kwao, kuviacha vina ilikuwa ni kukosa ufundi au kukosa subira. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walikuwa wakilinda sanaa yenye umri wa karne nyingi, na walijua ni jasho gani linalohitajika kupata ubeti uliokamilika. Lakini walichukua kitu kilichochaguliwa wakakisoma kama kitu kilichoachwa. Mshairi yule hakusahau vina. Aliviweka kando ili mstari uende kwa mwendo wa mazungumzo na mawazo. Mtu anaweza kulipenda au kutolipenda shairi la namna hiyo, ila lazima alihukumu kwa kile linachokifanya. Leo mashairi huru yanafundishwa bega kwa bega na ya kimapokeo. Baadaye Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi ambazo msomaji wa haraka angeziita shaghalabaghala, kwa sababu matukio hayafuatani kama tulivyozoea. Msomaji huyo angekuwa ameiona picha halafu akalaumu kwamba si dirisha.

Ninakiri kwamba swali hili, limeachwa au limechaguliwa, halina jibu jepesi kila mara. Kuna mwandishi anayejificha nyuma yake. Ukimwonyesha sentensi iliyovunjika anakujibu kwamba ndio mtindo wake. Dawa ni kutazama kazi nzima. Mtindo hurudi, una mahali unapotokea na mahali usipotokea, na ukiuondoa kitu fulani kinapotea. Uzembe hutokea popote, na ukiusahihisha hakuna kinachopotea. Kipimo hiki si kamili, lakini kinamlazimisha mhakiki asome hadi mwisho. Neno "rafu" linamruhusu aache kusoma baada ya sentensi ya pili.

Hilo ndilo lililotupata darasani, na ndilo linaloniuma zaidi ya kicheko chenyewe. Mhadhiri alipotaka jambo la tatu, hakuna aliyekuwa nalo. Akatuuliza kama tuliusikiliza muhtasari. Tukasema ndiyo. "Basi niambieni," akasema, "amesema nini kuhusu maisha ya Rosa chuoni?" Tukatazamana. Mwenzetu alikuwa ameeleza vizuri sura za mwanzo: Zakaria, ulevi wake, ukali wake kwa binti zake. Kisha aliruka moja kwa moja hadi kifo cha Rosa. Miaka ya chuo cha ualimu, ambamo msichana aliyelelewa kwa woga anapata uhuru asiojua kuutumia, haikuwamo kabisa. Bila sehemu hiyo kifo chake hakina chanzo, na lawama ya mwandishi juu ya malezi ya Zakaria haina ushahidi. Mwenzetu alikiri kwamba hakuimaliza riwaya. Alisoma mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo kulikuwa na uzembe katika muhtasari ule, na ulikuwa mkubwa. Kifaransa kingeuita kwa haki "bâclé": mlango ulifungwa kabla ya kazi kwisha. Lakini darasa zima la wanafunzi wa Kiswahili halikuuona, kwa sababu lilikuwa linashughulika na r na l. Tulimlaumu kwa jambo ambalo hakukosea, na tukamsamehe jambo alilokosea bila kujua kwamba tunamsamehe. Hasara ilikuwa maradufu. Yeye alipoteza ujasiri wa kusema lugha ya mama yake mbele ya watu, na hakupata msaada wa kusoma kitabu vizuri zaidi. Sisi tuliondoka tukiamini kwamba tumefanya uhakiki.

Nimejiwekea sharti dogo tangu hapo. Nikihisi neno "rafu" linakuja, iwe katika maandishi ya mwenzangu au yangu, nalizuia mpaka niandike sentensi moja yenye kitenzi: ameruka, amechanganya, amerudia, hakusoma, hakumaliza, hakupanga. Mara nyingi sentensi hiyo ikishaandikwa, "rafu" halihitajiki tena. Mara nyingine sentensi haipatikani, na hapo najua kwamba tatizo ni sikio langu, halijazoea.

Wiki iliyopita mwenzetu wa Buyenzi aliniomba nisome rasimu ya insha yake kabla ya kuikabidhi. Niliandika pembeni mambo manne. Matatu yalikuwa ya mpangilio wa hoja, na moja lilikuwa la upatanisho wa ngeli katika aya ya pili. Alisoma, akaniuliza: "Na Kiswahili chenyewe?" Nikamwambia hayo manne ndiyo yote niliyoyaona. Aliitazama karatasi kwa muda, kama mtu anayetafuta la tano, kisha akaichukua akaenda kuisahihisha.